Mbuzi aliyekatwa kwato zote siku moja: uchambuzi wa kisa kutoka Rungwe

Kisa hiki ni cha mfano. Kimepangwa kutokana na makosa yanayojirudia kwa watu wanaoanza kufuga mbuzi wa maziwa katika nyanda za juu kusini, na hakuna lililomo ambalo ni la ajabu. Kimewekwa Rungwe kwa sababu huko tatizo la kwato linajionyesha wazi kuliko sehemu nyingi. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, maeneo kadhaa hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mashamba ni madogo, na mbuzi wa maziwa hushinda bandani wakiletewa majani. Mbuzi wa Ismani, kule Iringa, anayetembea kutwa kwenye ardhi kavu yenye mawe, hujisugua kwato mwenyewe. Wa Rungwe hana pa kujisugulia.

Hali ilivyokuwa

Mama mmoja ana mbuzi jike wawili. Mkubwa ni chotara wa maziwa mwenye kilo 45 hivi, alipandwa katikati ya Novemba na bado anakamuliwa. Mdogo ana mwana wa wiki sita. Banda lao ni la kuinuliwa, lakini Desemba chaga kadhaa zilioza, mama akawashusha mbuzi chini, kwenye udongo uliotandikwa majani makavu ya migomba. Kwa mvua ile, matandiko yalilowa mkojo na maji ndani ya siku mbili, akawa anaongeza majani mengine juu bila kuondoa yale ya chini.

Yule mbuzi mkubwa hakuwahi kukatwa kwato tangu aletwe, kama mwaka mzima. Ncha za mbele zilikuwa zimejikunja kwenda juu, na kuta za pembeni zimejikunja kwenda chini na kufunika unyayo. Mwishoni mwa Januari akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Siku chache baadaye akawa anakula amepiga magoti, na maziwa yakapungua.

Jumamosi ya kwanza ya Februari alikuja shemeji yake na mkasi wa kupogolea kahawa. Mama akamwambia, "Shemeji, mkate zote leo leo, nisikusumbue tena." Mtoto akashika pembe, mbuzi akiwa amesimama katikati ya uwanja. Shemeji akaanza na mguu wa nyuma wa kulia, akaubana mkasi kwenye ncha na kukata sentimita mbili kwa mkato mmoja. Damu ikaruka. Wakapaka udongo uliochanganywa na majivu, wakaendelea na miguu mitatu iliyobaki. Ule wa mbele wa kushoto nao ulitoka damu kidogo, na walipoukata ulitoa harufu mbaya, lakini hawakuijali.

Jumatano mbuzi alikuwa analala muda mwingi. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa umevimba juu ya kwato na haugusi chini kabisa. Ndipo afisa mifugo wa kata alipoitwa.

Kwa nini damu ilitoka

Wengi wangemlaumu mkasi, au mkono wa shemeji. Mkasi wa kupogolea, ukiwa mkali na ule wenye visu viwili vinavyopishana, unakata kwato vizuri kabisa. Aina ya kuepuka ni ile yenye kisu kimoja kinachogonga kwenye kipande bapa, kwa kuwa huponda kwato badala ya kuikata. Kosa lenyewe lilikuwa kutaka kumaliza kazi ya mwaka kwa asubuhi moja, na ili kuliona vizuri inabidi kujua kwato imejengwaje.

Kila mguu una kwato mbili, ya nje na ya ndani. Kila kwato ina ukuta mgumu unaoizunguka kwa nje, unyayo laini zaidi kwa chini, na kisigino kinachobonyea nyuma. Ukuta hukua kutoka kwenye mstari wa manyoya kushuka chini, kiasi cha milimita 3 hadi 5 kwa mwezi. Ndani ya hayo yote kuna nyama hai yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ukuta hauna hisia, ni kama ukucha wa mtu. Nyama hai inauma na inatoa damu.

Kwa kasi hiyo, mwaka mmoja bila kukatwa wala kusuguliwa unaweza kuongeza sentimita 4 hadi 6. Anayeanza haambiwi jambo moja muhimu: kwato ikirefuka, nyama hai nayo husogea mbele. Haibaki pale ilipokuwa kwato ilipokuwa fupi. Kwa hiyo mtu anayekadiria kwa macho kwamba "hapa ndipo kwato ya kawaida inapoishia" na kukata papo hapo, amepita katikati ya nyama. Shemeji alikata mahali ambapo kwato nzuri ingeishia. Ila kwato ile haikuwa nzuri.

Habari njema ni kwamba nyama hai hurudi nyuma. Ukipunguza kidogo, ukasubiri wiki mbili au tatu, kisha ukapunguza tena, inarudi nyuma taratibu na kukupa nafasi ya kukata zaidi. Kwato iliyorefuka hivi inahitaji mikato mitatu au minne. Mtu akishalikubali hili, hofu kubwa ya kazi yenyewe huondoka, kwa sababu hakuna siku hata moja anayolazimika kukaribia damu.

Harufu ile ilikuwa na maana

Kuchechemea kulianza kabla ya mkasi kufika. Hilo pekee lilitosha kumfanya mtu achunguze kwanza. Mbuzi anayechechemea anaweza kuwa na mwiba, jipu ndani ya kwato, tatizo la goti, au kwato zenye joto na maumivu kwa sababu ya kulishwa pumba na nafaka kupita kiasi. Anaweza pia kuwa na ugonjwa wa miguu na midomo, na kwa mbuzi dalili zake huwa ndogo. Kabla ya kukata kwato za mbuzi yeyote anayechechemea, fungua mdomo wake uangalie ulimi na fizi, tazama kati ya kwato, na pima joto ukiwa na kipimajoto. Joto la kawaida la mbuzi ni kati ya 38.5 na 39.5, na linaweza kupanda kidogo jua likiwa kali. Ukiona malengelenge mdomoni au kati ya kwato, mate yanachuruzika, au wanyama kadhaa wamechechemea ndani ya siku chache, weka mkasi chini na umwite afisa mifugo. Huo ni ugonjwa wa kuripotiwa.

Mbuzi wetu hakuwa na malengelenge. Alikuwa na ukuta uliojikunja, chini yake kukiwa na mfuko uliojaa tope na kinyesi, na ndani ya mfuko huo majimaji ya kijivu yenye harufu ya kuoza. Hiyo ni dalili ya kuoza kwa kwato. Bakteria wawili hushirikiana kuuleta ugonjwa huu. Mmoja anaishi kwenye kinyesi na tope kila mahali, na huchubua ngozi iliyolainishwa na unyevu kati ya kwato. Wa pili huja na wanyama wagonjwa, huingia pale palipochubuka na kuutenganisha ukuta na nyama. Wote wawili hustawi pasipo hewa. Ukuta uliojikunja na kushika tope unawapa makao hasa wanayoyataka.

Kama ungeona wekundu kati ya kwato tu, bila harufu na bila ukuta kuachia, hilo ni tatizo la hatua ya awali na kwa kawaida hupona kwa kukauka na kuoshwa miguu kwa dawa. Kula akiwa amepiga magoti ni dalili kwamba miguu ya mbele inauma yote miwili au mmoja unauma sana. Mama aliona lakini akadhani mbuzi amechagua kula hivyo.

Shemeji alikata kwa kina kwenye mguu ulioambukizwa, akafungua nyama, halafu akahamia mguu mwingine kwa mkasi uleule bila kuusafisha. Kwa njia hiyo ugonjwa husafiri. Zamani ilifundishwa kwamba kwato iliyooza ikatwe hadi sehemu yote mbaya iishe. Tafiti za kondoo zilizofanyika Uingereza zimeonyesha kinyume: kukata sana kwato yenye maambukizi huchelewesha kupona, na mnyama aliyepewa dawa bila kukatwakatwa hupona haraka zaidi. Sasa inashauriwa kuondoa kile kilicholegea chenyewe tu, kiasi cha kuingiza hewa, kutibu, na kuacha kazi ya kusawazisha hadi mguu upone.

Udongo na majivu

Kupaka udongo kwenye kidonda kinachotoa damu ni jambo la kukataza bila kusitasita. Mbegu za pepopunda huishi udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo kwa miaka mingi, na jeraha la kwato lenye uchafu ndani, lililofunikwa hewa isifike, ni mahali pake hasa. Dalili huja siku kadhaa hadi wiki tatu baadaye: mbuzi anakakamaa, anatembea kama miguu ni ya mbao, masikio yanasimama, mkia unanyooka, kisha taya zinafunga. Akifika hapo, kumponya ni vigumu sana. Majivu yanakausha, ni kweli, lakini ya jikoni hayako safi, na yakiganda juu ya kidonda yanaficha usaha unaotengenezwa chini.

Damu ikitoka, fanya hivi. Ikiwa ni tone moja mawili, acha, itakata yenyewe. Ikiwa inachuruzika, chukua kitambaa safi kilichokunjwa, kandamiza kwa nguvu kwa dakika tano kamili bila kuchungulia, maana kila ukifunua unaondoa damu iliyoanza kuganda. Isipokoma, weka unga mkavu na safi wa mahindi au ngano kwenye kitambaa, kandamiza tena. Ikikoma, paka ayodini, muweke mbuzi kwenye sakafu kavu kwa saa kadhaa na usimruhusu kwenda kwenye tope siku hiyo. Damu inayoendelea zaidi ya dakika 20 inahitaji kufungwa bandeji ya kubana na kumwita mtaalamu. Bandeji hiyo isikae zaidi ya siku moja. Ikilowa na kuachwa, kwato inaoza ndani yake.

Kazi ya afisa mifugo siku ile ya Jumatano

Aliosha mguu wa nyuma wa kulia kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi hadi udongo wote ukatoka, akabonyeza usaha utoke, akapaka ayodini. Alimchoma kinga ya pepopunda kwa sababu mbuzi hakuwa amechanjwa. Kwa maambukizi alitumia oksitetrasaiklini inayokaa muda mrefu mwilini, ile ya asilimia 20, kwa kiwango cha mililita 1 kwa kila kilo 10, yaani mililita 4.5 kwa mbuzi huyu. Alimweleza mama asinywe wala kuuza maziwa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Hilo la maziwa husahaulika sana, na familia yenye mtoto mdogo inapaswa kulishika kwa makini zaidi.

Kwenye mguu wa mbele wa kushoto alikata ule mkunjo uliolegea tu, akakwangua tope kwa kijiti cha mwanzi chenye ncha butu, akapuliza dawa ya rangi ya bluu. Miguu miwili iliyobaki hakuigusa. Mama alitaka kujua kwa nini amekuja na kuacha kwato zikiwa ndefu, naye akamjibu: "Mama, huyu ana mimba ya siku themanini na kitu na ana homa. Kumsumbua leo ni kumwongezea. Tutarudi akiwa anasimama."

Hesabu ya mimba iliingia kwenye ratiba yote. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, kwa hiyo huyu angezaa katikati ya Aprili. Mwezi wa mwisho si wa kumbana mbuzi ukutani. Na wakati wowote wa mimba, usimpindue akae kwa makalio kama wanavyofanyiwa kondoo. Ikapangwa mikato midogo miwili, wa kwanza karibu na siku ya 97 na wa pili karibu na siku ya 118, kisha kusimama hadi wiki mbili au tatu baada ya kuzaa.

Mkato wa kwanza, hatua kwa hatua

Hapa tunaeleza kwa urefu, kwa kuwa ndipo anayeanza anahitaji macho ya mtu mwingine.

Vifaa vilikuwa vichache: mkasi mkali wa kupogolea ulionunuliwa kwa ajili ya mbuzi tu, tupa, brashi ngumu, kijiti cha mwanzi, beseni la maji, chupa ya spiriti, ayodini, vitambaa safi, unga kikombe kimoja, na glavu nene kwa mkono unaoshika mguu. Mkasi wa shambani una utomvu na mabaki ya dawa za kahawa, na ukirudi shambani unabeba uchafu wa mbuzi. Usichanganye.

Saa iliyochaguliwa ni asubuhi baada ya mvua. Kwato iliyolowa hukatika kwa urahisi. Julai na Agosti, upepo mkavu unapopiga Mbozi au Makambako, kwato huwa ngumu na mkasi huteleza, na kuteleza ndiko kunakoleta majeraha, ya mbuzi na ya mtu pia. Wakati huo simamisha miguu yake kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, au kata asubuhi mapema kabla umande haujakauka.

Mbuzi alifungwa kwa kamba fupi kwenye nguzo, usawa wa kichwa chake, kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja na lisilobana shingo. Ubavu mmoja uliegemea ukuta, na mtu mzima akamsukuma taratibu kwa paja upande wa pili. Mbele yake pumba kidogo kwenye beseni. Mwenye meza ya kukamulia atumie hiyo, kwa sababu mgongo wake utamshukuru. Kumshika pembe katikati ya uwanja, kama alivyofanya yule mtoto, ni kumwalika azunguke, na mbuzi anayezunguka na mkasi ukiwa wazi ni hatari kwa wote watatu.

Mguu wa mbele hukunjwa kwenye goti kurudi nyuma. Wa nyuma hunyooshwa kwenda nyuma na kubaki chini, ukishikwa kwenye muundi. Usiuvute kwenda pembeni, maana nyonga ya mbuzi haikuumbwa kufunguka hivyo na atapiga teke kwa maumivu, si kwa ukaidi. Akianza kuvuta sana, shikilia sekunde chache bila kukaza, akitulia ushushe mguu mwenyewe. Ukiuachia wakati anavuta, amejifunza kwamba kuvuta kunamwokoa.

Kisha kusafisha. Tope lote litoke, hadi uone mstari mweupe unaotenganisha ukuta na unyayo. Anayekata kwato chafu anakata gizani.

Kinachofuata ni ile mikunjo ya pembeni. Ingiza ncha ya mkasi chini ya mkunjo kuanzia kisiginoni kuelekea mbele, na ukate ukuta ulingane na unyayo. Mikunjo haina nyama ndani yake, kwa hiyo hapa unaweza kwenda kwa ujasiri kidogo. Mara nyingi hatua hii peke yake humpa mbuzi nafuu kubwa, na kwa mtu wa siku ya kwanza kabisa tungeshauri aishie hapo kwenye miguu yote minne. Atakuwa amefanya kazi ya maana bila kukaribia hatari.

Ncha ndiyo ngumu. Haikatwi kwa mkato mmoja. Inachongwa kwa vipande vya milimita 1 hadi 2, na baada ya kila kipande unatazama. Unyayo uliokatwa ukiwa bado mkavu na una ufa wa uchafu, endelea. Ukiwa mweupe na laini kama jibini, punguza kasi. Ukianza kuona wekundu hafifu unaopenya kwa chini, umefika. Kipande kinachofuata ni damu. Kwenye kwato nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo tumia kidole gumba: sehemu inayobonyea iko karibu na nyama hai. Kwa mbuzi huyu, kati ya urefu wa ziada uliobaki kwenye ncha, siku hiyo iliondolewa sentimita 1 tu kwenye miguu ya mbele na kidogo zaidi kwenye ule wa nyuma wa kushoto. Wa nyuma wa kulia uliachwa kabisa.

Kisigino hupunguzwa kidogo tu pale kinapozidi unyayo. Anayekata kisigino sana humfanya mbuzi aegemee nyuma, na kano za kifundo zinavutika. Kipimo ni mstari wa manyoya: ukiutazama mguu kwa upande, unyayo uende sambamba na mstari huo. Na kwato mbili za mguu mmoja zilingane urefu. Mama alipewa mfano ulio hai. Aliambiwa amshike yule mwana wa wiki sita na kumtazama miguu: kwato ndogo, ya pembe nne, tambarare chini. Hilo ndilo umbo linalotafutwa.

Tupa ilipita mwisho kuondoa ncha kali. Mkasi ulifutwa na kumiminiwa spiriti kabla ya mguu mwingine, na mguu wenye maambukizi ulishughulikiwa wa mwisho. Vipande vyote viliokotwa na kuchomwa moto.

Maji ya dawa

Siku tatu baada ya mkato, mbuzi wote waliwekwa kwenye maji ya dawa. Zinki salfeti ni chaguo bora: kilo 1 kwenye lita 10 za maji, kina cha sentimita 5 hadi 7, dakika 10 hadi 15, kisha saa nzima kwenye sakafu kavu. Isipopatikana dukani, mrututu, yaani chumvi ya shaba, hutumika, nusu kilo kwa lita 10. Mrututu una masharti yake. Tumia beseni la plastiki, kwa kuwa unakula chuma. Wape maji ya kunywa kabla, wasije wakayanywa hayo. Usiwapitishe kondoo, kwa sababu shaba huwaua kwa urahisi kuliko mbuzi. Usiingize mguu wenye kidonda kibichi. Na usiyamwage kwenye kijito, maana shaba inaua samaki na vijito vya Rungwe vinatumiwa na watu walio chini yako. Miguu ioshwe tope kwanza, la sivyo dawa inaishia kwenye tope.

Sakafu ndiyo iliyoanzisha yote

Hata kwato zingekatwa na fundi, banda lile lingezirudisha zilikotoka. Kwa hiyo chaga zilizooza zilibadilishwa kabla ya mkato wa pili, zikipewa nafasi ya sentimita 1.5 hivi kati ya ubao na ubao: kinyesi kidondoke, kwato isizame. Matandiko ya chini yaliondolewa yote yakaenda kwenye migomba.

Kwenye uwanja mdogo mbele ya banda liliwekwa rundo la mawe ya volkano, yale meusi yenye matundu ambayo Rungwe yamejaa kila shamba, yakapangwa kama ngazi ya nusu mita. Mbuzi hupenda kupanda. Wakipanda na kushuka kila siku kwenye jiwe lenye mikwaruzo, ncha husuguliwa zenyewe. Hayaondoi kazi ya mkasi, lakini yanaipunguza. Jiwe hili lina kasoro moja: lililochongoka sana hukata unyayo, kwa hiyo mapya hugongwa ncha zake kwa nyundo kwanza.

Mkato wa pili na kilichobaki

Siku ya 118 ya mimba, miguu ya mbele ilipunguzwa sentimita 1 nyingine, na nyama hai ilikuwa imerudi nyuma kama ilivyotarajiwa. Ule wa mbele wa kushoto haukuwa na harufu. Kazi nzima ilichukua chini ya nusu saa, mbuzi akiwa anakula. Shemeji ndiye aliyekata, afisa mifugo akitazama. Mkono wake haukuwa na tatizo hata mara moja, alihitaji tu kuambiwa kata kidogo.

Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa umeziba, lakini kwato yake ya nje ilikuwa imeanza kuota kwa kupinda upande. Hiyo hutokea nyama hai ikijeruhiwa. Inabidi iwe inachongwa kidogo kila wiki nne kwa miezi kadhaa, ikifuatisha ile ya ndani, hadi ukuta mpya kutoka kwenye mstari wa manyoya ufike chini. Kwa kasi ya milimita 3 hadi 5 kwa mwezi, mama asitarajie umbo kamili mwaka huu.

Baada ya kuzaa, ratiba ya kawaida ni kila wiki 6 hadi 8 kwa mbuzi wa bandani, na kuangalia kati ya kwato kila wiki mvua inaponyesha. Yule mwana aanze kushikwa miguu sasa, hata kama hakuna cha kukata, na akatwe mara ya kwanza akiwa na miezi miwili mitatu. Mbuzi mpya anayenunuliwa mnadani akae peke yake wiki tatu, akatwe, apitishwe kwenye maji ya dawa, ndipo aingie bandani na wengine.